Fomu ya mtendaji iliandikwa "kimbunga"

Paa la nyumba ya mama mkwe wangu liling'oka Jumapili moja ya Desemba, mwaka juzi, saa kumi kasoro robo alasiri. Halikuchanika vipande. Lilinyanyuka zima, mabati, papi na kenchi zake, likapinduka hewani na kutua chali kwenye shamba la jirani, kenchi zikitazama mbinguni. Nilipima kwa miguu: hatua hamsini na mbili kutoka ukutani.

Kijiji kiko wilaya ya Chamwino, upande wa Mvumi. Alasiri hiyo hiyo shule ya msingi ilipoteza paa la madarasa mawili, mama lishe akapoteza kibanda, vyoo vitatu vya bati vikaenda na miarobaini kadhaa ikalala. Hakufa mtu. Mtoto mmoja wa jirani alichanwa begani na bati, akashonwa nyuzi sita.

Mimi nafundisha jiografia mjini Dodoma. Shemeji yangu alinipigia simu usiku ule: "Mwalimu, huku tumepigwa na tonado." Nilipofika kesho yake jioni nilikuta maneno matatu yanashindana. Shemeji alishikilia tonado, kwa kuwa ameziona nyingi kwenye simu. Mama mkwe alisema ni chamchela, ila kubwa kuliko zile zinazotuzungukia kila Septemba. Naye mtendaji wa kijiji alikuwa ameshapita na fomu yake, na kwenye mstari wa chanzo cha maafa ameandika neno moja kwa kalamu ya bluu: kimbunga.

Nilikaa siku tatu kwa ajili ya neno hilo. Mke wangu aliniona napoteza muda, na mtu mwenye paa shambani ana haki ya kusema hivyo. Lakini neno linaloandikwa pale ndilo linaloamua paa jipya litafungwaje. Ukiandika kimbunga umeshasema hakuna ambacho ungeweza kufanya.

Neno moja, mapepo matatu

Kiswahili chetu kina ukarimu kwenye jambo hili, na ukarimu huo unatuponza. Kimbunga cha baharini ni mfumo wenye upana wa mamia ya kilometa. Kinalishwa na joto la bahari, Mamlaka ya Hali ya Hewa inakifuatilia kwa siku kadhaa na kinapewa jina kama mtoto. Hidaya, Mei 2024, kiliingia karibu na Mafia. Kenneth, Aprili 2019, kilipiga kaskazini mwa Msumbiji huku Mtwara wakishika roho mkononi. Wazee wa Lindi walirithi habari za kile cha 1952, na Zanzibar bado inasimulia cha 1872 kilichong'oa mikarafuu. Ni balaa la pwani. Kikipanda nchi kavu kinakosa chakula, na barabara ya Dar hadi Dodoma ni kilometa zipatazo 450. Kinachotufikia huku, kikifika, ni mawingu na mvua.

Halafu jioni taarifa ya habari inakuambia "kimbunga chaua watu Oklahoma". Neno ni lile lile ila kitu ni kingine kabisa. Hiyo ni tonado: nguzo ya hewa inayozunguka, imening'inia kutoka kwenye wingu la radi mpaka chini, upana wake mara nyingi mita makumi au mamia, na nyingi hazimalizi dakika kumi. Haina jina na haitangazwi siku tatu kabla.

Chamchela, au kisulisuli, ni wa tatu. Yeye huzaliwa chini, jua likishachemsha ardhi tupu, na hapandi kwenye wingu lolote. Huyu nilimtoa mashindanoni mapema, jikoni, mama mkwe akichambua mchicha.

"Mama, wingu lilikuwepo?"

"Lilikuwepo, mwanangu. Jeusi kama tako la sufuria."

"Na jua?"

"Jua la wapi tena?"

Basi si chamchela. Chamchela anaweza kurusha bati lililolegea na kumtia mtu mchanga machoni, ila hatembei chini ya wingu jeusi lenye mvua ya mawe. Mama akakubali kwa shingo upande. Nadhani alimtaka chamchela kwa sababu chamchela ana mwenyewe: kijijini wanasema ndani yake mna jini, na jini unaweza kulisomea.

Kusoma mabati

Zilibaki tonado na jambo la nne ambalo hakuna aliyelitaja. Kuzitofautisha hakuhitaji mashine. Unahitaji miguu, dira ya simu na subira ya kuuliza bati moja moja lilitoka wapi.

Njia hii ina mwenyewe. Tetsuya Fujita, Mjapani mtafiti wa dhoruba aliyehamia baadaye Chuo Kikuu cha Chicago, alikwenda Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945, wiki chache baada ya mabomu, akaona miti ilivyoelekea pande zote kutoka kitovu kimoja. Miaka 29 baadaye, Aprili 1974, tonado 148 ziliipiga Marekani ndani ya siku mbili. Fujita alipanda ndege akapiga picha uharibifu kutoka juu, na mahali fulani aliona miti haikusokotwa: ilikuwa imelala kama miale ya nyota. Akakumbuka Japani. Mwaka uliofuata, Juni 1975, ndege ya abiria ilianguka New York ikijaribu kutua katikati ya mvua ya radi, wakafa watu zaidi ya 110. Yeye ndiye aliyesema hewa iliporomoka kutoka winguni ikapiga ardhi na kutawanyika, kama ndoo ya maji iliyomwagwa sakafuni. Wenzake wengi walimbishia kwa miaka. Leo viwanja vikubwa vya ndege vina vifaa vya kuitambua hali hiyo.

Kanuni ni rahisi. Tonado huacha mkanda mwembamba, na vitu vya pande zote mbili za mkanda huelekea ndani, vimekatizana. Upepo wa kuporomoka huacha umbo la vidole vya mkono uliokunjuliwa: vyote vinatoka kwenye kiganja kimoja na kuachana.

Nilianza na shemeji asubuhi ya Jumanne. Paa la mama lilikwenda magharibi. Paa la shule, ambayo iko kusini ya nyumba, lilikwenda kusini magharibi. Mwarobaini wa zahanati, kaskazini, uliangukia kaskazini magharibi. Kibanda cha mama lishe kiko karibu zaidi na lambo. Mabati yake tuliyakuta magharibi kabisa, limekosekana moja tu. Nguzo za uzio wa mzee mmoja zilikuwa zimelala moja baada ya nyingine, sambamba kama watu wanaosali. Nikawa nachora mishale kwenye karatasi ya daftari. Kufika saa tano, mishale yote ukiirudisha nyuma ilikutana mashariki ya kijiji, usawa wa lambo. Hakuna hata mmoja uliorudi ndani.

Shemeji hakuridhika. Alikuwa na ushahidi wake: bati moja lililosokotwa kama kitenge kinachokamuliwa. Nikamwambia bati likibiringika hatua mia moja na kugonga jiwe na mgunga litasokotwa tu, hata upepo uwe umenyooka kama reli. Akatoa la pili, mlio. "Mwalimu, ilinguruma kama treni ya mizigo, na wote wanasema tonado inalia kama treni." Ni kweli tonado hulia hivyo. Lakini upepo wowote wenye nguvu hiyo hulia hivyo ukipita kwenye mabati na matawi.

La tatu lilikuwa zito kidogo: video ya kijana wa bodaboda, sekunde kumi na tisa. Kwenye video kuna kitu kama mkonga wa tembo, cheusi, kimeshuka mpaka chini nyuma ya zahanati. Niliitazama mara kumi na moja. Mkonga ule hauzunguki. Ni mvua yenyewe, imeshuka kwenye nguzo moja nene, na mbele yake ukuta wa vumbi jekundu unakimbia kutoka kulia kwenda kushoto, kulia kwenda kushoto, mpaka simu inaanguka. Vumbi la tonado lingeonekana likienda huku na kurudi kule. Huku kwetu, kusini mwa Ikweta, tonado nyingi huzunguka upande wa mishale ya saa, kinyume na za Marekani.

Ila kilichonimalizia kesi ni maneno ya mama mkwe mwenyewe. Nilimuuliza alihisi nini kabla. Akasema joto lilikuwa la kuchosha, kuku wamefungua midomo. Kisha hewa ikasimama. Halafu ikaja baridi, "baridi ya Juni, mwanangu, ikapita miguuni," na harufu ya udongo, na ndipo kishindo. Baridi ile ndiyo sahihi ya mhusika. Mwanzo wa msimu Dodoma hewa ya chini ni kavu. Mvua ikianza kushuka, sehemu yake hukauka kabla haijafika, na kukauka huko huipoza hewa. Hewa baridi ni nzito, inaporomoka. Ikigonga ardhi inaweza kukimbia kilometa mia na zaidi kwa saa, na baada ya dakika kumi imekwisha. Ndiyo maana mvua za kwanza, kabla ardhi haijaloa, nyingine huja na upepo mbaya kuliko zile za Februari zenye maji mengi.

Kwa nini huko na si huku

Jioni baraza lilijaa. Watu walikuja kutazama paa, wakabaki kwa maongezi, na kila mmoja alikuwa na kanuni yake ya mahali ambapo tonado hupiga na mahali isipopiga.

Wa kwanza alisema tonado ni za Marekani peke yake. Marekani kweli inaongoza, zaidi ya elfu moja kwa mwaka, kwa sababu ya mahali ilipokaa: hewa yenye unyevu inapanda kutoka Ghuba ya Meksiko, hewa kavu inashuka kutoka milima ya Rocky, na juu yao kuna upepo mkali unaobadilika mwelekeo kadiri unavyopanda. Upepo huo wa juu ndio unaolisokota wingu. Lakini tonado iliyoua watu wengi kuliko zote katika kumbukumbu ilipiga Bangladesh, tarehe 26 Aprili 1989, na inakadiriwa iliondoka na watu 1,300. Na hapa Afrika, Desemba 1998, Nelson Mandela akiwa bado rais, alikuwa kwenye duka la dawa mjini Umtata tonado ilipopita. Walinzi wakamkinga, akatoka mzima. Habari hii baraza liliipenda kuliko zote. Mzee mmoja aliirudia mara tatu kwa wageni waliofuata, na mara ya tatu walinzi walikuwa wamefika ishirini.

Sisi tuko nyuzi sita tu kusini mwa Ikweta. Upepo wa juu wa kusokota mawingu ni dhaifu hapa siku nyingi za mwaka, kwa hiyo mawingu yetu ya radi hupanda wima na kuanguka wima. Hiyo ndiyo sababu tonado ni nadra katikati ya nchi, na ndiyo sababu ile ile upepo wa kuporomoka si nadra. Kusema nadra si kusema haiwezekani. Wavuvi wa Ziwa Victoria wanazijua nguzo za maji zinazoning'inia kutoka mawinguni mpaka ziwani, na hizo ni ndugu wa tonado, ingawa nyingi ni ndugu wadogo.

Wa pili alisema mjini hakupigwi kwa sababu Mlimwa na vilima vyenzake vinakinga. Hapo nilicheka, kwa sababu imani hii ina safari ndefu. Watu wa Topeka, mji mkuu wa jimbo la Kansas, walikuwa na kilima chao, Burnett's Mound, na walirithishana kwamba kinaulinda mji. Tarehe 8 Juni 1966 tonado ilipita pale pale juu ya kilima, ikashuka na kuukata mji kutoka pembe hadi pembe. Mwaka 1987 nyingine ilitembea kwenye milima ya Wyoming, urefu wa kama mita 3,000 juu ya bahari, ikilaza msitu. Mito nayo haizuii: ile ya Machi 1925 iliyoua watu 695 ilivuka Mississippi na kuendelea. Magorofa hayazuii pia. Katikati ya Fort Worth palipigwa mwaka 2000, vioo vya maghorofa vikamwagika barabarani. Miji inaonekana kusalimika kwa sababu ni midogo ukilinganisha na mashamba yanayoizunguka.

Wa tatu, mwenye sauti ya kumaliza mambo, alisema tumeshapigwa, sasa zamu ya wengine. Nikamwambia habari za Codell, kijiji cha Kansas kilichopigwa tarehe 20 Mei 1916, kikapigwa tarehe 20 Mei 1917, na tarehe 20 Mei 1918 kikapigwa tena. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema Wamarekani hao walikuwa na deni na Mungu.

Tembe la jirani

Swali ambalo liliwasumbua watu kwa kweli halikuwa la tonado. Lilikuwa hili: kati ya nyumba ya mama na shule kuna tembe la mzee wa Kigogo, la zamani, paa la magogo na udongo. Halikuguswa. Hata debe lililofunika tundu la moshi lilikuwa mahali pake. Watu walianza kusema kwa chini kwamba mzee ana lake, na wengine walikumbuka ugomvi wake wa mpaka na marehemu baba mkwe. Jambo hili lilinitia wasiwasi kuliko upepo wenyewe, maana maneno kama hayo kijijini hayaishii kwenye maneno.

Nilikwenda kumwamkia. "Shikamoo babu." Akanikaribisha ndani, nikainama kuingia, na jibu likanigonga kichwani: boriti ya mlango ni ya mgunga, nene kama paja. Paa la tembe ni bapa, fupi, limebeba udongo wa tani nyingi. Upepo hauna pa kushika. Bati nalo ni jepesi, na likitokeza nje ya ukuta upepo unaingiza mkono chini yake. Babu alisema kwa Kigogo jambo ambalo mjukuu wake alinitafsiria hivi: tuliambiwa tembe ni umaskini, tukahamia kwenye makopo. Tembe lina taabu zake, linavuja Machi na kila mwaka linadai udongo. Lakini kwa upepo, Wagogo walijua wanakoishi.

Kisha nikarudi kwenye paa la mama na kufanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Nikapiga magoti kwenye kenchi. Misumari ya bati ilikuwa imeshika vizuri. Hapakuwa na bati lililochanika kuzunguka kichwa cha msumari. Papi zilikuwa zimeshika. Kenchi zilikuwa zimeshika kwenye mbao ya ukutani. Mbao ya ukutani ndiyo haikushika kitu. Ililazwa juu ya tofali za mwisho, ikapakwa udongo pembeni, basi. Hakuna waya, hakuna nondo iliyotoka kwenye linta. Fundi aliyeezeka aliweka kofia juu ya kichwa bila ugwe wa kidevuni. Shuleni hali ilikuwa ile ile, tofauti ni rangi tu.

Na kuna la dirisha. Shemeji, alipoona wingu, alifungua mlango wa mbele na madirisha mawili ya mashariki. Alikuwa amesikia kwenye video kwamba nyumba ikifungwa inapasuka kwa presha, kwa hiyo ufungue itoe pumzi. Ushauri huu umezeeka hata huko Marekani ulikozaliwa, waliuacha zamani. Ukifungua upande upepo unakotoka, upepo unaingia na kusukuma paa kwa ndani, huku juu ya bati ukilivuta. Mlango wa mbele wa nyumba ile unatazama lambo. Sikumwambia mbele ya mama yake. Nilimwambia tulipokuwa wawili, akakaa kimya, akachuma jani la mwarobaini akalitafuna.

Kilichookoa watu ni mama. Alivuta wajukuu wanne korido, akawalaza ukutani, akawafunika godoro. Hakuna aliyemfundisha. Yule mtoto wa jirani alichanwa akikimbia kwenda kwenye mti.

Alhamisi asubuhi nilimfuata mtendaji na karatasi yangu ya mishale. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema fomu imeshapigwa mhuri na wilayani "kimbunga" wanakielewa haraka. Nikamwambia wakikielewa haraka watatuma mabati, na mabati yakifungwa kama haya tutayaokota tena. Alifikiri, akaomba soda, akatoa fomu nyingine. Kwenye chanzo aliandika "upepo mkali wa mvua ya radi". Kwenye uharibifu akaandika mapaa. Alipofika kwenye mstari wa mahitaji aliniuliza, kalamu ikiwa hewani, paa la vyumba vinne linakula waya kilo ngapi. Sikujua. Tukamwita fundi, safari hii mwingine, akasema kilo nne, na za shule afanye kumi na mbili.